Karatasi Ndiyo Iliyofeli

Kila asubuhi fundi baiskeli alifungua karakana yake kwa kelele. Mlango ulikuwa wa bati, na bawaba zake zililia kama zimeamshwa kwa nguvu. Alitundika magurudumu nje, akapanga spana juu ya gunia, kisha akaketi kwenye kigoda chake kusubiri wateja. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba. Nyuma yake kulikuwa na vyumba viwili, jiko, na ua mdogo wenye tangi jeusi la maji.

Aliishi na binti yake. Binti huyo alifanya kazi ofisi ya maji, na kazi yake ilikuwa kuandika matangazo na vipeperushi. Baba yake alimwita Karani. Jina hilo alimpa zamani, alipokuwa na miaka sita. Siku hizo mtoto aliandika kwa chaki kila alipopata nafasi, hata kwenye matairi ya wateja.

Mama yake Karani alikuwa fundi cherehani. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Yeye ndiye aliyemfundisha mumewe kusoma, na wakati huo mume alikuwa na miaka arobaini na mitano. Hakumpeleka darasani. Hakumnunulia kitabu. Aliandika vijikaratasi, akaviweka mahali ambapo mume lazima apite: chini ya kikombe, ndani ya kiatu, juu ya tandiko la baiskeli.

Karani alivitunza vingi vya vijikaratasi hivyo kwenye kopo la biskuti. Siku za mapumziko alilifungua, akasoma kimoja kimoja, huku moyo ukimrudisha nyuma. Alisikia tena cherehani ikikimbia chumbani. Alimwona tena baba yake amesimama jikoni, kijikaratasi mkononi, midomo ikicheza. Mama alijitia hamnazo, akaendelea kushona, lakini sikio lote lilikuwa jikoni. Kimoja kilisema hivi:

*Nimekwenda sokoni. Chai iko kwenye chupa. Inywe ikiwa ya moto. Nitarudi kabla ya adhuhuri. Usijifanye hujasoma.*

Zilikuwa siku nzuri.

Jumatatu moja alirudi kutoka kazini, akakuta karakana imefungwa. Si kawaida. Aliingia ndani mbio. Baba yake alikuwa amelala sakafuni jikoni, ameshika tumbo. Kando yake kulikuwa na ndoo. Alikuwa ametapika mpaka hana kitu tena.

"Baba! Umekula nini?"

"Sijala," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekunywa chai tu."

Karani alinusa kikombe. Kilinuka dawa. Alitoka uani, akafunua tangi. Harufu kali ya dawa ya kusafishia ikampiga usoni.

Alimpeleka zahanati. Muuguzi alimhudumia, akamweka kitandani mpaka giza likaingia. "Bahati yako hukunywa nyingi," muuguzi alisema. "Hayo maji ya dawa kali ni ya kuoshea tangi. Si ya kunywa."

Waliporudi nyumbani, Karani aliuliza taratibu, "Baba, nani alikwambia utie ile dawa?"

Baba alionyesha meza. Pale palikuwa na kipeperushi. Karani alikiandika yeye mwenyewe. Ilikuwa nakala ya majaribio, na aliisahau mezani Jumapili. Nakala zenyewe zingechapishwa Ijumaa, zigawiwe nyumba zote za mji.

"Niliona kazi yako," baba alisema. "Nikasema leo nitamfurahisha Karani wangu. Arudi akute tangi linang'aa. Nilisoma mpaka mwisho, mwanangu. Nilisoma mara tatu."

"Na hapa je?" Karani aliweka kidole kwenye sentensi. Sentensi yenyewe ilikuwa hii:

*Kufuatia zoezi la uwekaji wa dawa ya usafishaji ndani ya tangi, mteja anashauriwa kutoruhusu matumizi ya aina yoyote ya maji yaliyomo hadi hapo taratibu za umwagaji na usuuzaji zitakapokuwa zimekamilika ipasavyo.*

"Nilisoma. Niliona 'dawa.' Niliona 'tangi.' Halafu nikaona 'matumizi ya aina yoyote ya maji.' Nikajua sasa maji ni ya matumizi yoyote. Nikachemsha chai."

Maneno yale Karani aliyaandika kwa siku mbili, akayaonea fahari.

Baba alivua miwani, akaikunja, akaitia kwenye droo ya cherehani. Akaisukuma droo mpaka ikafunga.

"Tusidanganyane," alisema. "Mimi si msomaji. Msomaji alikuwa mama yako. Yeye akiandika, mimi nilikuwa nabahatisha. Sasa hayupo, na mimi nimerudi nilikotoka. Usiniletee karatasi tena."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Karani angejua la kufanya.

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi mama mmoja mtu mzima. Mtaa mzima walimwita Bi Risasi. Wageni walidhani alikuwa mwanajeshi. Kumbe alifanya kazi miaka thelathini kwenye kiwanda cha kuchapa magazeti. Alipanga herufi za risasi kwa mkono, moja moja, kwenye trei ya mbao. Baadaye akawa msahihishaji. Vidole vyake viwili bado vilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni.

Kesho yake, kabla ya kwenda kazini, Karani alimbishia hodi akiwa na kipeperushi mkononi.

"Shikamoo, Bi Risasi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Karani alimweleza yote. Bi Risasi alisoma kipeperushi, akakohoa, akachukua penseli.

"Hii sentensi ina maneno mangapi?"

"Sijui."

"Hesabu."

Karani alihesabu kwa kidole. "Thelathini na moja."

"Pumzi moja, maneno thelathini na moja! Hata mimi nimechoka. Sasa nenda ukaniletee kijikaratasi kimoja cha marehemu mama yako."

Karani alileta kile cha chai. Wakahesabu pamoja. Sentensi tano, maneno kumi na sita.

"Gawanya," Bi Risasi alisema. "Kila sentensi ina maneno matatu na kidogo. Hicho ni kipimo cha kwanza. Hesabu maneno, hesabu sentensi, gawanya. Si lazima uandike sentensi za maneno matatu. Lakini ukivuka kumi na tano, jiulize kulikoni."

"Ofisini tuna kipimo kwenye kompyuta," Karani alisema. "Ukibandika maandishi, kinatoa alama. Kinahesabu silabi za kila neno. Neno refu kinaliita gumu. Siku moja nilikiwekea kijikaratasi cha Mama. Kikasema msomaji awe wa chuo kikuu!"

Bi Risasi alicheka mpaka akashika mbavu. "Mama yako angefurahi kusikia hivyo! Mwanangu, hicho kipimo kilishonwa kwa mwili wa lugha nyingine. Kwetu kinapwaya. 'Nitarudi' ni neno moja, lakini ndani yake mna mtu, mna wakati, mna kitendo. Tena mtoto wa miaka minne analisema. Urefu wa neno peke yake usikutishe. Uliza hivi: watu wanalisema? Wewe ukiwa jikoni, unasema 'usuuzaji umekamilika'?"

Karani alijikuna kichwa. "Nasema nimeshasuuza."

"Basi andika hivyo." Bi Risasi alipiga mstari chini ya maneno: uwekaji, usafishaji, umwagaji, usuuzaji. "Angalia. Hakuna mtu anayefanya kitu hapa. Kila kitu kinajifanya chenyewe."

Alimimina chai, akatazama dirishani.

"Kule kiwandani tulikuwa na mama mmoja wa kufagia na kupika chai," alisema. "Alisoma kidogo tu. Mhariri wetu alikuwa na desturi yake, na hicho ndicho kipimo cha pili. Habari yoyote ya afya au ya kilimo haiendi mtamboni mpaka yule mama aisome kwa sauti. Mimi nilikaa pembeni na penseli. Akikwama, naweka nukta. Akirudia, naweka nukta. Zikifika nukta sita, habari inarudi kwa mwandishi. Waandishi walimwogopa yule mama kuliko mhariri! Mtambo ukiunguruma, vikombe vilitetemeka mezani, naye anasoma tu, fagio mkononi. Siku hizi mambo ni mbio mbio. Nani anamkumbuka yule mama?"

Sauti yake ilishuka. Karani aliona kwamba Bi Risasi naye alikuwa na kopo lake la biskuti, ila lilikuwa kichwani.

"Nikamwombe Baba asome?" Karani aliuliza. "Amekataa kata kata. Anasema alikuwa anabahatisha."

"Kubahatisha ndicho kipimo cha tatu," Bi Risasi alisema. "Chukua maandishi. Ficha kila neno la tano. Mwambie mtu ajaze mapengo. Akipata zaidi ya nusu, maandishi yamo ndani ya uwezo wake. Akipata machache sana, maandishi yanamzidi. Mtu anayeelewa ndiye anayeweza kubahatisha."

"Lakini vijikaratasi vya Mama anavijua kwa moyo. Atajaza vyote."

"Kweli. Basi tafuta kitu cha mama yako ambacho hajawahi kukiona."

Karani alifikiri. Kisha macho yakamtoka.

Jumatano Karani aliomba ruhusa ya asubuhi. Bi Risasi alifika karakana akiwa na karatasi mbili. Fundi alikuwa ananyoosha gurudumu. Alipoziona karatasi, uso ukafunga.

"Dada yangu, kama umekuja kunipima, umepoteza muda. Nimeshafeli."

"Sikuja kukupima wewe. Nimekuja kupima karatasi. Nahitaji chombo." Bi Risasi alivuta kigoda akaketi. "Hebu niambie. Unajuaje kwamba gurudumu limepinda?"

"Nalizungusha. Naweka chuma hiki karibu na ukingo. Mahali likigusa chuma, ndipo lilipopinda."

"Likigusa, kosa ni la chuma?"

"La chuma vipi? La gurudumu."

"Basi, shemeji, leo wewe ndiye chuma. Karatasi ndiyo gurudumu. Sisi tunatafuta ilipopinda."

Fundi alitazama chuma mkononi mwake. Kisha akacheka kidogo, kwa shingo upande. "Wewe Bi Risasi una maneno. Karani, niletee hiyo miwani."

Karatasi ya kwanza ilikuwa ukurasa wa kipeperushi. Ulikuwa na mapengo ishirini. Fundi alitoka jasho. Alijaza sita, na yote sita yalikuwa vineno vidogo kama "ya" na "wa." Bi Risasi aliandika juu yake: *Sita kati ya ishirini.* Akampa karatasi ya pili.

Hiyo Karani aliinakili kwa mkono wake kutoka kwenye barua ya zamani. Mama yake alimwandikia wakati Karani yuko mbali, chuoni. Baba hakuwahi kuiona. Ilikuwa na mapengo tisa.

Fundi aliweka kidole kwenye mstari. "Mwanangu, hatujambo. Leo baba..." Akasita. "Leo baba yako. Hilo ni 'yako.' Leo baba yako amesoma kibao cha duka... jipya?"

"Endelea," Bi Risasi alisema.

"Nani ameandika hii?"

"Soma tu, Baba," Karani alisema.

Kidole kilisogea. "Alisimama barabarani kama aliyepotelewa na kitu. Watu walimpita. Yeye... hakujali. Mimi nilikuwa nyuma yake, lakini..."

"Yeye aliandika 'ila,'" Bi Risasi alisema. "Maana ni ile ile. Nakupa alama."

"Ila sikumsaidia hata neno moja."

Fundi alisoma tena mstari ule bila sauti, midomo ikicheza kama zamani. Karani alimwona, akageuza uso kidogo.

"Alisoma mpaka mwisho, peke yake," fundi aliendelea. Pengo lile alilipita bila hata kuona kwamba ni pengo. "Kisha alitembea mbele yangu kwa... kwa haraka. Kwa haraka mpaka nyumbani."

"Siyo haraka, Baba," Karani alisema. "Ni maringo."

"Maringo? Mimi?"

"Ndivyo alivyoandika."

"Mwongo huyo! Nilikuwa na njaa tu!" Fundi alicheka kwa sauti, na machozi yakashuka papo hapo, naye hakuyafuta. "Usimwambie kwamba nimemcheka. Ataona haya."

"Ni 'nimekuandikia,'" Karani alisema. "Usimwambie kwamba nimekuandikia."

Bi Risasi alihesabu, akaandika: *Saba kati ya tisa.* Akaziweka karatasi mbili pamoja juu ya gunia la spana.

"Msomaji ni yule yule," alisema. "Kidole ni kile kile, miwani ni ile ile. Hapa saba kati ya tisa, pale sita kati ya ishirini. Shemeji, nani amefeli?"

Fundi aliichukua ile ya pili. "Sikumsaidia hata neno moja," alisoma tena. "Kumbe alikuwa nyuma yangu. Siku ile nilidhani yuko upande wa pili wa barabara." Akavuta pumzi. "Mimi nilisoma kile kibao."

"Ulisoma wewe," Karani alisema. "Niliyefeli ni mimi, Baba. Nilikuandikia vibaya, ukanywa dawa. Nisamehe."

"Mh." Fundi alijifuta uso kwa mkono wenye grisi, akajipaka weusi shavuni. "Kaa chini, tuinyooshe hiyo karatasi. Ijumaa si mbali."

Walifanya kazi mpaka adhuhuri. Karani aliandika. Fundi alisoma kwa sauti. Bi Risasi aliweka nukta. Ile sentensi ndefu ikawa hivi:

*Umetia dawa ndani ya tangi? Maji hayo ni ya kuoshea tangi tu. Usiyanywe. Usiyapikie. Yamwage yote. Suuza tangi kwa maji safi. Kisha lijaze upya.*

Alhamisi Karani alikipeleka kipeperushi kipya kwa mkuu wake wa kazi. Alikwenda na baba yake, amevaa shati la kutokea. Mkuu alisoma mara moja, kalamu mkononi, akashusha midomo.

"Hii ni lugha ya kitoto," alisema. "Ofisi ina heshima yake. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri sana."

Karani alipiga moyo konde. "Naomba uisome ile ya kwanza, bosi. Mara moja tu, kisha uigeuze."

Mkuu aliisoma. Akaigeuza.

"Sasa, bila kutazama, maji yenye dawa niyafanyie nini?"

"Unapaswa... kuna taratibu za..." Mkuu alitazama dari. "Mteja anashauriwa kuruhusu... kutoruhusu..." Akakohoa. "Ilikuwa ndefu kidogo."

"Baba yangu aliisoma mara tatu," Karani alisema. "Kisha akanywa. Nilimkuta sakafuni."

Mkuu alimtazama yule mzee mwenye shati la kutokea.

"Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa. Nipe hiyo mpya niisome."

Fundi aliweka kidole. Alisoma sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuharakisha. Alipofika karibu na mwisho, alisimama. Siku zote baba yake alipokwama mbele za watu, alikunja karatasi na kusema miwani imechafuka.

Safari hii hakukunja kitu.

"Hapa nimekwama," alisema kwa sauti ya kawaida. "'Endapo utabaini hitilafu.' Nani kaandika hii?"

"Mimi," mkuu alisema. "Niliongeza kwa kalamu sasa hivi."

"Basi weka nukta, bosi. Umepinda hapo."

Mkuu alitazama huku na huku, akaokota penseli, akaweka nukta. Kisha akayakata maneno yale, akaandika: *Ukiona tatizo, tupigie simu.*

Ijumaa vipeperushi vilichapishwa. Vilifika kila nyumba. Mwezi uliofuata, muuguzi wa zahanati alimwambia Karani kwamba hajampokea mtu hata mmoja aliyekunywa maji ya dawa. Ofisi nayo ikapata desturi mpya. Karatasi yoyote ya wananchi inahesabiwa maneno kwanza. Kisha inasomwa kwa sauti na watu watatu wasio wa ofisini: fundi baiskeli, mwanamke mmoja muuza mboga, na mlinzi wa lango. Nukta sita, inarudi kwa mwandishi.

Karani akajifunza kuandika upya. Kabla hajaanza, alimwona mtu mmoja mbele yake, amesimama jikoni, midomo ikicheza. Akamwandikia huyo.

Jioni moja alirudi kutoka kazini akamkuta baba yake kigodani, miwani puani, gazeti limefunguliwa juu ya magoti. Mteja alikuwa amesimama akisubiri tairi lake. Fundi alikuwa anamsomea habari ya ukurasa wa mbele, polepole, kwa kidole cha grisi. Katikati alikwama. Alirudia mstari. Akarudia tena.

"Vipi, fundi?" mteja aliuliza. "Imekushinda?"

"Mimi?" Fundi alitikisa kichwa kwa huruma. "Masikini, huyu mwandishi hajui kuandika."

Akafungua ukurasa wa pili, akaendelea kusoma.